Kiolezo cha kukatia miraba ya origami kinapokudanganya: dalili, chanzo na namna ya kurekebisha

Unakunja origami, yale maumbo ya karatasi, korongo wako anatoka na mdomo uliopinda, au umekunja pisi 30 za mpira wa Sonobe (ule unaoungwa kwa pisi nyingi zinazofanana, kiulimi cha moja kinaingia mfuko wa nyingine) na ile ya mwisho imekataa katakata kuingia kwenye mfuko wake, na wewe umekaa unalaumu vidole. Mi nililaumu vyangu muda mrefu tu, nikawa nakunja taratibu kama mtu anategua bomu, kila mkunjo naupitishia ukucha mara tatu, na bado ncha hazikutani. Sasa siku moja kwa kukosa la kufanya nikachukua karatasi mbili nilizozikata pamoja kwa kiolezo kimoja, nikaizungusha moja robo mzunguko nikailaza juu ya mwenzake. Eh! Upande mmoja imezidi, upande mwingine imepungua, yaani mraba niliouamini siku zote ulikuwa mstatili umejificha. Vidole havikuwa na kosa lolote.

Kwahiyo origami ikikataa kukaa sawa ushtaki mraba kwanza, vidole baadae. Na mraba una uongo wa aina mbili, kuna ule ambao ukiukagua kwa mkunjo wa kona kwa kona unaonekana msafi kabisa, na kuna ule ambao ukiukagua kwa mkunjo wa nusu kwa nusu ndo unaonekana msafi, na watu wengi wanakagua kwa njia moja tu wanaridhika wanaendelea kukata, alafu kosa linabaki palepale kwenye kiolezo linazaa watoto.

Anzia hapa, robo mzunguko

Kata karatasi mbili kwa pamoja kwa kiolezo chako. Kabla hujazitenganisha weka kialama cha penseli kwenye kona moja ya kila karatasi, kona ileile. Sasa izungushe ya juu robo mzunguko, alama yake ihamie kona inayofuata, zigongegonge mezani zikae sawa kwenye kona moja, alafu kagua kona tatu zilizobaki. Usitegemee macho peke yake, pitisha ncha ya ukucha pembeni, karatasi ya kawaida ya kuprintia ina unene wa kama milimita 0.1 na ukucha unausikia unene huo vizuri tu.

Napenda jaribio hili manake halihitaji rula. Umbo la pande nne likizungushwa robo mzunguko likalingana na lilivyokuwa, basi hilo ni mraba, halina pa kukimbilia. Na kama shida ni kona iliyoegemea, kosa linajionyesha mara mbili ya lilivyo, kwahiyo hata dogo unalikamata.

Zikilingana, kiolezo chako kizima, shuka chini kule kwenye karatasi na unyevu. Zisipolingana, bado usikitupe kiolezo. Kilaze kwenye karatasi laini, kichore pembeni kwa penseli iliyochongwa vizuri, alafu kizungushe hichohicho robo mzunguko ndani ya mchoro wake. Kikikubali mchoro wake mwenyewe lakini karatasi zilikataana, kosa liko kwenye ukataji, nenda sehemu ya kisu. Kikiukataa mchoro wake, basi mgonjwa ni yeye, endelea hapahapa.

Ukikunja kona kwa kona kinabaki kistari pembeni

Leta ukingo wa chini uje ulale juu ya ukingo wa pembeni, mkunjo upite kwenye kona. Kikibaki kistari cha karatasi kimechungulia upande mmoja, una mstatili. Uzuri wake ni kwamba upana wa kile kistari ndo tofauti kamili ya pande mbili, huna haja ya kupiga hesabu, kama kina milimita 1 basi upande mmoja umezidi kwa milimita 1.

Chanzo karibu kila mara ni kupima kila upande peke yake. Unapima wa kwanza milimita 150, unainuka unakaa vizuri, unapima wa pili 150, lakini jicho halikuwa palepale, ulikuwa unaitazama rula kwa mshazari, na rula nene ya plastiki inaweza ikakuhamisha nusu milimita hivihivi unaona. Alafu kuna suala la sifuri. Rula nyingi sifuri yake haiko kwenye ncha, imeanza ndani kidogo, na zile ambazo iko kwenye ncha basi ncha yenyewe imeshalika. Watu wanashauri uanzie kwenye alama ya senti 1 badala ya sifuri, ushauri mzuri, ila kumbuka kuongeza hiyo senti mwishoni, mi nimeshakata miraba ya senti 14 nikidhani ni ya 15, na nikashangaa mbona leo karatasi zimekuwa ndogo.

Dawa ni kupima mara moja tu. Pima upande mmoja, alafu uhamishe urefu huo kwenda upande mwingine kwa kipande cha karatasi chenye alama mbili au kwa bikari. Hata kama kipimo chako sio 150 halisi, kitakuwa kilekile pande zote mbili, na hicho ndo tunachokitaka.

Mtego mwingine ni kuiamini A4. Kwenye makaratasi ya viwango A4 ni milimita 210 kwa 297, lakini kiwango chenyewe cha ISO 216 kinaruhusu vipimo kama hivyo kuzidi au kupungua kwa milimita 2, kwahiyo pakiti inaweza kuwa halali kabisa na upana ukawa 209 au 211. Ukitengeneza kiolezo cha 210 kwa kulaza kadibodi juu ya A4 na kufuata upana wake upande mmoja, alafu upande wa pili ukapima 210 kwa rula, umejitengenezea mstatili mwenyewe kwa mikono yako.

Kona kwa kona iko safi, ila nusu kwa nusu kona zinapishana

Hii ndo ngumu na ndo inayowapoteza wengi. Pande zote nne ni sawa, umezipima mara tano, mkunjo wa kona kwa kona unafunga kama mlango mpya. Ila ukikunja nusu, ukingo wa chini juu ya ukingo wa juu, kingo za pembeni zinaachana, moja imetoka nje huku nyingine imetoka nje kule. Hapo una mraba ulioegemea, kama fremu ya mlango iliyolegea misumari ukaisukuma kidogo kwa bega: mbao nne zina urefu uleule lakini kona sio digrii 90 tena, mbili zimebana mbili zimepanuka. Umbo hilo ukilikunja kona kwa kona linajifunika lenyewe vizuri kabisa, ndo maana jaribio lile haliwezi kulikamata hata ulirudie siku nzima. Na mstatili ni kinyume chake, nusu kwa nusu unafunga safi, kona kwa kona unaumbuka.

Ukitaka kujua umeegemea kiasi gani pima kutoka kona mpaka kona ya mbali, mara mbili, ulalo huu na ule. Mraba wa 150 ulalo wake ni kama 212.1, wa 100 ni 141.4, wa 200 ni 282.8, yaani zidisha upande kwa 1.414. Ila usihangaike sana na namba yenyewe, cha muhimu ulalo wa kwanza na wa pili vifanane. Kwenye kiolezo cha 150 upande wa juu ukiwa umesogea milimita 1 tu kwenda kulia, ulalo mmoja utamzidi mwenzake kwa kama milimita 1.4. Yaani ulalo unaikuza shida kidogo, unakusaidia kuiona.

Chanzo ni kuazima kona kwa mtu. Umechukua kona ya boksi, kona ya daftari, kona ya meza, ukasema hii lazima ni digrii 90. Daftari lililotumika kona yake imeshachoka, boksi limebonyea. Hata skwea ya fundi ikishaanguka sakafuni mara mbili tatu usiiape. Kuipima skwea ni rahisi: ilaze kwenye ukingo ulionyooka wa ubao, chora mstari wa kwenda juu, alafu ipindue upande wa pili, chora tena kutoka nukta ileile. Mistari miwili ikilalana skwea nzima, ikifunguka kama mkasi ujue nusu ya huo mwanya ndo kosa la skwea.

Kama huna skwea unayoiamini tumia 3, 4, 5. Kwenye mstari mmoja pima 120 kutoka kwenye kona, kwenye mwingine pima 90, umbali kati ya nukta hizo mbili lazima uwe 150. Ukizidi 150 kona imepanuka, ukipungua imebana. Ukiwa na kadibodi kubwa zidisha mara mbili, 240 na 180 na 300, kadiri pembetatu inavyokuwa kubwa ndo kosa la kupima linavyopungua nguvu.

Kurekebisha sasa. Usijaribu kuongeza nyama pale palipopungua, utepe na gundi havijawahi kutengeneza ukingo ulionyooka. Unapunguza tu. Chagua upande mmoja uliochora vizuri kuliko wote, huo ndo mama, usiuguse tena. Pande mbili zinazopakana nao zisugue mpaka skwea ikubali, alafu upande wa nne ufuate vipimo vya hao wengine. Kusugua, gundisha msasa mzuri juu ya kipande cha ubao bapa au kioo, na ubao huo ndo unaopita kwenye ukingo, sio msasa mkononi, manake mkono unakula kona zaidi kuliko katikati na utapata ukingo wenye tumbo. Pitisha mara nne, pima. Mara nne, pima. Inachosha, najua.

Mwisho wa kazi kiolezo cha 150 kimekuwa cha 148 na nusu. Kwani kuna shida gani? Watu wanang'ang'ania 15 senti kwasababu karatasi za dukani ziko hivyo, lakini korongo hajui anatakiwa kuwa na senti ngapi, anachojua ni kama pande zake nne ziko sawa na kona zimesimama. Bora 148 ya kweli kuliko 150 ya kuegemea.

Ulalo mmoja unafunga, mwingine unakataa

Hapa ujue kona moja tu imeharibika, na mara nyingi ni ile ya mwisho kuchorwa, ile uliyoifikia baada ya kuzunguka pande zote ukiwa umebeba makosa madogomadogo ya kila upande ukayamwaga pale. Tafuta kona iliyo mkabala na ile unayoiamini zaidi, hiyohiyo. Na ukichora kiolezo kipya usizunguke kama saa, chora upande wa chini, simamisha pande mbili kutoka kwenye huo mmoja, alafu ndo ufunge juu.

Umbo sawa ila saizi sio

Miraba yote inapita jaribio la robo mzunguko, lakini uliyoikata leo haiendani na ya wiki iliyopita. Mtu anayekunja korongo mmoja hatajali, ila wa Sonobe utalia, kwasababu kile kiulimi cha pisi kubwa kinakataa kuingia mfuko wa pisi ndogo na ukilazimisha kinakunjamana.

Kiolezo ulikiprinti? Angalia setingi za printa. Programu nyingi zinapenda kupunguza ukurasa ili uenee ndani ya karatasi, na ikishusha mpaka asilimia 97 mraba wako wa 150 unatoka 145.5. Chagua asilimia 100 au saizi halisi, na siku zote weka kwenye mchoro mstari wa milimita 100 wa kupimia, ukishatoka tu kwenye printa uwekee rula. Upimie na upande wa pili pia, yaani mstari mmoja wa kulala na mmoja wa kusimama, printa nyingine zinavuta karatasi vibaya zinarefusha upande mmoja na hapo tumerudi kwenye mstatili.

Unachora kwa penseli alafu unakata? Penseli haichori kwenye ukingo wa kiolezo, inachora nje yake. Risasi ya 0.7 ukikata ukiacha mstari wote ndani, umeongeza 0.7 kila upande, mraba wa 150 unakuwa 151.4. Ukikata katikati ya mstari ni 150.7. Alafu mkono unachoka, wa asubuhi unakata nje ya mstari na wa jioni unakata katikati. Kiolezo kinono cha kukatia moja kwa moja kwa kisu kinaondoa ugomvi wote huu, mstari wa nini wakati ukingo upo. Penseli iache kwa kiolezo cha dirisha, kile chenye tundu la mraba katikati cha kuchagulia maua kwenye karatasi ya mapambo, na huko nako kumbuka mambo yanageuka, penseli inachora ndani ya tundu kwahiyo mraba unapungua.

Kiolezo kizima, karatasi mbovu: kisu

Hapa ndo niliposota kuliko kwingine. Kiolezo changu cha akriliki, ile plastiki ngumu, chenye unene wa milimita 3 kilikuwa kinapita kila jaribio, na karatasi zinatoka mbovu. Nikabadilisha wembe, nikabadilisha karatasi, wapi.

Kumbe ilikuwa kuinamisha kisu. Fikiria ukingo wa milimita 3 umesimama kama ukuta. Ukikiinamisha kisu digrii 10 tu, mpini ukaegemea ndani juu ya kiolezo, ncha ya wembe inatoka nje ya ukuta kwa kama nusu milimita. Sasa kama ungekuwa unainamisha vilevile pande zote nne ungepata mraba mkubwa kidogo lakini mraba. Shida yangu ni kwamba kiolezo nilikiacha palepale nikawa nauzungusha mkono: upande wa kulia nakata kwa kuvuta kuja kwangu, wa juu nakata kwa kupeleka pembeni na kiwiko kimepinda, wa kushoto mkono umejikunja kabisa kama mtu anajikuna mgongo. Kila upande na mwinamo wake. Nilipoanza kuzungusha mkeka wa kukatia na kiolezo kikiwa juu yake, nikawa nakata upande uleule wa kulia kwangu, kuvuta kuja kwangu, mara nne, shida ikaisha siku hiyohiyo. Kama huna mkeka tumia kadibodi ngumu chini, cha muhimu vyote vizunguke kwa pamoja.

Kingine ni kuteleza. Kiolezo cha plastiki juu ya karatasi laini ni kama sabuni, unakikandamiza kwa vidole viwili upande mmoja na ule wa pili unasogea bila wewe kujua. Gundisha vipande viwili vyembamba vya msasa laini chini yake, kama senti 1 ndani kutoka ukingoni, usivibandike ukingoni kabisa kwasababu vitakiinua na wembe utapata njia ya kupenya. Na vidole vikandamize katikati, visichungulie nje ya ukingo, wembe hauna cha kumheshimu mtu.

Usikandamize wembe ili umalize kwa mpito mmoja. Mpito wa kwanza mwepesi, wa kuchora njia tu, wa pili unakata. Ukitumia nguvu ya kwanza wembe unapinda, hasa zile nyembe nyembamba za kuvunjavunja ukiwa umeutoa mrefu. Utoe kidogo tu, vipande viwili vinatosha.

Kona zinachanika badala ya kukatika? Wembe butu, vunja ncha. Kama ni mpya na bado zinachanika, acha kumalizia kwenye kona, choma ncha ya wembe kwenye kona alafu vuta kwenda nje.

Na rundo. Najua unataka kukata karatasi ishirini kwa mpigo. Ya juu itatoka nzuri, ya chini itatoka kubwa au ndogo kutegemea umeinamisha wapi, na katikati kila moja na lake. Mi naishia tatu, nne zikiwa nyembamba.

Kilianza vizuri, sasa hivi hovyo

Hiki ni kifo cha kawaida cha kiolezo cha kadibodi. Wembe haukati karatasi tu, kila mara unanyoa na kiolezo kidogo, kaunyuzi kadogo hivi ambako hukaoni, na kwa kuwa wengi tuna upande tunaoupenda, upande huo ndo unaliwa. Kiinue kwenye mwanga, kingo ziwe usawa wa jicho, utaona mabonde. Au chora mstari ukifuata ukingo, kipindue, chora tena juu ya mstari uleule, mwanya katikati ya mistari miwili ni mara mbili ya bonde lenyewe.

Ule mpira wangu wa pisi 30 uliogoma ulikuwa hivi: pisi za mwanzo nilizikata kiolezo kikiwa kipya, za mwisho kikiwa kimeshaliwa upande mmoja, na mimi nikazichanganya kwenye boksi moja. Ilibidi nizitoe zote nizipange kwa kuzigonga mezani, kama karata, mpaka nikazijua zipi ni za ukoo gani.

Kadibodi inafaa kwa kuchorea, kwa kukatia bandika ukingo wa bati jembamba au hamia akriliki. Plastiki laini za mafaili usijisumbue, zinaliwa haraka kuliko kadibodi. Na ziandike pande za kiolezo 1, 2, 3, 4 kwa kalamu isiyofutika, siku ukipata shida utajua ni upande gani bila kubahatisha.

Kiolezo cha kona: karatasi haiingii mpaka mwisho

Kuna wale wanaotengeneza ubao wenye vizuizi viwili vilivyokutana kama herufi L, unasukuma karatasi mpaka kwenye kona alafu unakata pande mbili zilizobaki tu. Wazo zuri sana, mikato miwili badala ya minne. Ila ikianza kutoa miraba mibovu angalia ndani kabisa ya ile kona kabla ya chochote. Gundi iliyovuja ikakauka, tone dogo kama kichwa cha kiberiti, inatosha kuizuia karatasi isifike, inapanda juu yake kidogo na kuzunguka kidogo. Lisiwepo tone basi kuna vumbi la karatasi limeshindiliwa pale. Kata nafasi ndogo kwenye kona vizuizi vinapokutana, kama milimita 3 hivi, uchafu uwe na pa kukaa na ncha ya karatasi isiguse chochote.

Na ujue kiolezo hiki kinaamini kona ya karatasi yenyewe. Karatasi yenye kona mbovu ikiingia, mraba unatoka na kona hiyohiyo mbovu, hata vizuizi viwe vya dhahabu. Karatasi ya kurasa za gazeti au ya zawadi ikate kona yake kwanza kwa skwea.

Kingo zimepinda kidogo, tumbo au mbonyeo

Umetumia mkasi. Mkasi unakata kwa hatua, kila unapoufunga na kuufungua unaacha kijipindo. Tumia kisu. Kama ulitumia kisu, rula yako imepinda, ipime kwa kuchora na kuipindua kama nilivyosema hapo juu.

Jana ilikuwa mraba, leo sio

Usicheke, inatokea. Karatasi inakunywa unyevu wa hewa na ikinywa inatanuka, ila haitanuki sawa pande zote, inatanuka zaidi kukatiza nyuzi kuliko kufuata nyuzi. Kwahiyo ukikata mraba siku kavu ukauacha wazi mezani kukaingia mvua, upande mmoja unaweza kuongezeka zaidi ya mwenzake. Ni kiasi kidogo sana, korongo hata hatakigundua, ila kwenye zile kazi za kukunja gridi ya 32 kwa 32 kila mkunjo unaongeza chake na ukifika mwisho mistari haikutani na wewe unajiuliza ulikosea wapi.

Kujua nyuzi zinaelekea wapi ikunje karatasi kidogo bila kuivunja, huku na kule, upande unaojikunja kwa urahisi mkunjo wake unafuata nyuzi. Au kata kipande kidogo ukilowanishe upande mmoja, kitajiviringisha kama bomba, na bomba linalala sambamba na nyuzi.

Pakiti ikitoka sehemu baridi au kavu iache ifunguke chumbani siku moja kabla ya kukata, izoee hewa ya pale utakapokunjia. Ukishakata weka chini ya kitabu kizito au ndani ya mfuko uliofungwa, na ukiweza kunja siku hiyohiyo. Kiolezo chenyewe kama ni cha kadibodi au mbao laini ya kubandikwa nacho kinakunywa, kwahiyo usikisimamishe ukutani karibu na dirisha, kilaze bapa. Mi changu cha kadibodi nilikisimamisha nyuma ya mlango, kikarudi kimepinda kama mashua, na ukikilaza juu ya karatasi kinagusa kona mbili tu, katikati unapitisha kidole. Hicho hakisuguliwi kwa msasa wala nini, nilikitupa nikachora kingine.